Isale la Mpakani: Kulipanda na Kulitunza

Hotuba ya Halmashauri ya Kilimo mbele ya Mkutano Mkuu wa kuadhimisha miaka kumi ya Chama Kikuu



Sisi wa Halmashauri ya Kilimo tumepewa heshima ya kusema katika sherehe hii, na bila shaka wengi wenu mlitazamia kwamba tutasema juu ya kahawa. Lakini kahawa imekwisha kusemewa asubuhi hii na wenye hesabu zake. Sisi twaomba kusema juu ya mmea usiopimwa katika mizani ya chama, usiopata malipo ya kwanza wala ya pili, na usioandikwa hata mara moja katika daftari la mapokezi. Mmea huo ni isale.

Huenda mtu akauliza: Isale lina habari gani mpya kwetu sisi tuliozaliwa katika vihamba vya Kilimanjaro? Jibu letu ni kwamba kitu kinachoonwa kila siku ndicho kinachosahauliwa upesi. Katika ziara zetu za shamba kwa shamba tumekuta mipaka mingi iliyopandwa na mababu ikiwa imebaki na shina moja hapa na shina moja kule, kama meno ya mzee. Na palipo na pengo katika masale, mara nyingi pana pengo katika ujirani vile vile. Majirani wawili wanaogombea hatua mbili za ardhi hawapeleki kahawa yao pamoja kwenye mashine ya kumenyea. Hawakubaliani juu ya zamu ya maji ya mfongo. Na siku ya mkutano wa chama cha msingi, kila mmoja hukataa jambo kwa sababu mwenzake amelikubali. Basi habari ya isale ni habari ya chama pia.

Kwanza tuutazame mmea wenyewe. Wataalamu wa mimea huuita Dracaena fragrans. Huota wenyewe katika misitu ya Afrika ya joto, toka Sudan hata Msumbiji, na kwa upande wa magharibi mpaka Kodivaa na Angola. Neno la pili la jina hilo lina maana ya kunukia, kwa ajili ya maua yake madogo meupe ambayo hufunguka usiku na kutoa harufu nzito. Katika nchi za Ulaya na Marekani watu hununua isale na kuliweka katika vyungu ndani ya nyumba na maofisi, kwa sababu huvumilia kivuli na halisumbui mlezi wake. Likiachwa msituni laweza kufika kimo cha mita 15. Sisi hulikata na kulifanya ua.

Kwa nini wazee wetu walilichagua hili kwa mpaka, na miti ilikuwa mingi? Twaona sababu nne. Ya kwanza, isale huwa na majani ya kijani mwaka mzima. Wakati wa kiangazi, nyasi zikikauka na magimbi yakilala, mstari wa masale huonekana tangu mbali, na hakuna awezaye kusema kwamba hakuuona. Ya pili, isale halitambai. Halitoi machipukizi ya kwenda mbali chini ya ardhi kama mimea mingine ya ua. Mahali lilipopandwa ndipo linapokaa. Ya tatu, haliui upesi panga. Ukilikata shina, huchipua chini ya mkato, na hata kipande kilichoangushwa penye unyevu huweza kutoa mizizi. Kwa hiyo mtu akifyeka mpaka usiku, mara nyingi visiki hubaki kumshuhudia mchana.

Sababu ya nne haimo katika mizizi wala majani, bali katika heshima. Kwa desturi ya Wachagga, aliyemkosea mwenzake humpelekea jani la isale kuomba msamaha, na anayeletewa jani hilo huona vigumu sana kulikataa. Mmisionari Bruno Gutmann, aliyekaa miaka mingi miongoni mwa Wachagga, aliandika kitabu kikubwa juu ya sheria zao kilichotoka mwaka 1926, na tangu siku hizo wataalamu waliokuja kuchunguza desturi za mlima huu hawakukosa kulitaja isale. Mababu waliweka mpakani mmea ule ule wa kuombea radhi. Twaamini kwamba walijua walilolifanya: mahali ambapo watu wangeweza kugombana, walipanda dawa ya ugomvi kabla ugonjwa haujaja.

Sasa mambo yamebadilika, nasi hatuna budi kuyatazama bila kujificha. Ardhi haikui, lakini watu huongezeka. Hesabu ya watu ya mwaka 2012 iliukuta Mkoa wa Kilimanjaro una watu zaidi ya milioni 1.6, ile ya mwaka 2022 ikapata zaidi ya milioni 1.8. Kihamba kimoja hugawanywa kwa watoto, kisha kwa wajukuu, na kila kigawanywapo huzaliwa mpaka mpya. Mipaka ya zamani ilipandwa mbele ya wazee na majirani, mipya mingi huonyeshwa kwa kidole tu: "Toka kwenye mgomba ule mpaka kwenye jiwe lile." Mgomba huanguka, jiwe hujengewa msingi wa nyumba, na wazee walioonyesha hufariki. Watoto wengine wako Dar es Salaam, au nchi za mbali, hurudi mara moja kwa mwaka wakati wa Krismasi, na hawajui shina lipi ni la mpaka na lipi liliota lenyewe.

Tena liko jambo zito zaidi. Mpaka usiotunzwa husogea, nao husogea daima kuelekea kwa yule asiye na sauti. Mjane, yatima, mzee asiyeweza kutembea mpaka mwisho wa kihamba chake, au mwanachama aliyelazwa hospitali: hao ndio wanaoamka siku moja na kukuta mstari wa kahawa uliokuwa wao uko upande wa pili. Shina moja hung'olewa mwaka huu, jingine mwaka kesho, na baada ya miaka mitano hakuna anayeweza kuapa. Chama kisichojali jambo hili kitapokea kahawa ya mti ulioibwa, na kitamlipa asiyestahili.

Baada ya kusema hayo, tuingie katika kazi yenyewe, maana maneno peke yake hayaoti.

Wakati wa kupanda ni mwanzo wa masika, mara udongo unapolowa vizuri. Aliyekosa masika aweza kupanda wakati wa vuli, lakini atazame kwamba mvua hizo ni fupi na kiangazi cha Januari na Februari ki karibu. Vipande vya kupanda vikatwe katika masale yaliyokomaa, yenye shina gumu la unene wa kidole gumba au zaidi. Panga liwe kali, ili shina likatike bila kupondwa, kwa sababu palipopondwa huoza. Urefu wa sentimita 60 watosha kwa ua. Kwa shina la alama kwenye pembe, mita moja ni bora. Majani ya chini yaondolewe, yabaki machache ya juu, ama yasibaki kabisa. Kisha vipande viwekwe kivulini siku moja au mbili, mpaka utomvu wa jeraha ukauke. Asiyefanya hivyo hupanda kidonda kibichi katika udongo wa maji, nacho huoza.

Jambo dogo ambalo vijana hulikosea: kipande kina kichwa na miguu. Katika shina lisilo na majani si rahisi kutambua, kwa hiyo mkataji na akate upande wa chini mshazari na upande wa juu sawasawa, na kazi ya kupanda haitakuwa na mashaka. Theluthi moja ya kipande iingie ardhini, na udongo ushindiliwe kwa mguu ili upepo usikitikise. Kipande kinachotikisika hukatikiwa na mizizi michanga kila siku, na mwenye shamba husema kwamba mbegu ilikuwa mbaya.

Kwa ua wa kufunga, nafasi kati ya shina na shina iwe sentimita 40, yaani pungufu kidogo ya dhiraa moja. Mpaka wenye urefu wa mita 60 utahitaji vipande 150 hivi. Majirani wawili wakigawana, kila mmoja ataleta 75, na huo si mzigo wa kumshinda mtu. Vipande 15 zaidi vipandwe pembeni kivulini viwe akiba ya kuzibia mapengo mwaka unaofuata, kwa kuwa hakuna ua unaoota wote.

Tazameni pia mahali penyewe. Isale hupenda ardhi yenye rutuba na unyevu usiotuama. Chini ya miringaringa na migomba hustawi kama liko nyumbani kwake. Penye jua kali lisilo na kivuli, majani huungua na kugeuka rangi. Penye maji yaliyosimama, shina huoza kuanzia chini. Mpaka ukipita kando ya mfongo, acheni njia ya mtu mmoja kati ya ua na maji, ili siku ya kuzibua mfongo pasiwe na sababu ya kukata ua. Na katika mashamba ya tambarare, kwenye ukavu na jua jingi, msilazimishe isale. Huko mnyaa na mbono hufaa zaidi, ingawa mbono hupukutisha majani wakati wa ukame, na utomvu wa mnyaa ni hatari kwa macho, hivyo watoto wasiukate.

Tuongeze neno moja juu ya maji. Isale haliwezi kuvumilia floraidi nyingi. Ncha za majani hukauka na kuwa kahawia. Baadhi ya visima vya tambarare kati ya Kilimanjaro na Meru vina madini hayo kwa wingi, yale yale yatiayo rangi meno ya watoto. Anayekuza masale machanga kwenye kitalu na ayanyweshe maji ya mvua au ya mfongo utokao mlimani, wala asidhani kwamba kila jani lenye ncha kavu limepatwa na ugonjwa.

Masale yakiisha kushika, kazi ya pili huanza, nayo ndiyo inayoachwa na wengi. Mwaka wa kwanza palizi ifanyike mara kwa mara, na matandazo ya majani ya migomba yawekwe, ila yasigusane na shina. Yakifika kimo cha kiuno, yakatwe. Hapa wengine huona huruma, wakataka ua urefuke upesi. Lakini isale lisilokatwa hupanda juu kama mlingoti, likavua majani ya chini, na kuku, mbuzi na mwizi hupita kati ya mashina. Likikatwa hutoa machipukizi mawili au matatu chini ya mkato, na hayo ndiyo yanayofunga ua. Kateni shina moja kwa kimo cha goti, la pili kwa kimo cha kiuno, la tatu kwa kimo cha kifua, na kuendelea hivyo katika mstari wote. Ua utajaa kuanzia chini mpaka juu. Samaki mkunje angali mbichi.

Mkato upite katika shina, si katika majani. Ziko nyua tulizoziona zimenyolewa kwa mkasi mkubwa kama nyua za mijini, na baada ya wiki mbili kila jani lilikuwa na ncha iliyokufa, ua mzima ukafanana na kitu kilichopita motoni. Jani la isale ni refu kama ukanda. Likikatwa katikati haliponi. Ondoeni jani zima au kateni shina. Mara moja kwa mwaka yatosha kwa ua uliokomaa, kabla ya masika, na vijiti vinavyokatwa ndivyo mbegu ya kuzibia mapengo.

Wadudu wa isale si wengi. Wako wadogo wenye unga mweupe wanaojificha kwenye makwapa ya majani, na wako wanaojibandika juu ya shina kama magamba. Wakiwa wachache, wafutwe kwa kitambaa na maji ya sabuni. Wakiwa wengi, kateni tawi na kulichoma. Msipulize dawa kali kwenye ua bila kumwuliza afisa ugani, kwa sababu ua u karibu na kahawa, kahawa i karibu na mboga, na mboga zi karibu na chungu.

Hiyo ndiyo kazi ya mikono. Lakini twawaambieni wazi, ndugu wanachama, kwamba hata mtu akiyafuata yote tuliyoyasema, akipanda peke yake amepanda maua tu, hakupanda mpaka. Isale huwa mpaka kwa kupandwa na watu wawili mbele ya wengine. Mmoja hushika kamba upande huu na jirani yake upande ule, na wale wanaorithi husimama wakitazama: mke, watoto wa kike na wa kiume, na majirani wa pande zote. Tumetaja watoto wa kike kwa makusudi. Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya mwaka 1999 inampa mwanamke haki sawa na mwanamume ya kupata na kumiliki ardhi, na desturi inayomnyima haki hiyo haina nguvu. Binti asiyeonyeshwa mpaka leo atadanganywa kesho.

Baada ya kupanda, andikeni. Mali bila daftari hupotea bila habari. Ile sheria ya mwaka 1999 imeweka Hati ya Hakimiliki ya Kimila, ambayo hutolewa na kijiji kwa mwenye ardhi. Hati na isale si maadui, nasi huwashangaa wanaosema kwamba kimoja kimeondoa kingine. Hati hukaa sandukuni, na isale hukaa shambani. Moja husema kwa wasomi na serikali, jingine husema kwa kila apitaye, hata asiyejua kusoma. Anayepimiwa ardhi penye ua uliotunzwa hatapata taabu. Anayepimiwa penye mapengo atahitaji mashahidi, na mashahidi hufariki.

Na mpaka uliokwisha kupotea? Twawashauri msianze kwa mahakama. Anzeni kwa kutembea pamoja, mkitafuta visiki vya zamani chini ya magugu, kwa maana isale lililokatwa huacha alama kwa muda mrefu. Waiteni wazee walio hai, wa pande zote mbili. Mkishindwa, nendeni kwa Baraza la Ardhi la Kijiji, lenye wajumbe saba ambao watatu miongoni mwao lazima wawe wanawake. Kazi yake ni kusuluhisha. Kesi ndefu hula kahawa ya misimu mingi, na anayeshinda hurudi kuishi karibu na yule aliyemshinda. Aliyepatanishwa hurudi kuishi karibu na jirani.

Bwana Mwenyekiti, halmashauri yetu yaomba Mkutano huu ukubali mambo matatu. La kwanza, kila chama cha msingi kitenge siku mbili kila mwaka, kabla ya masika, ziwe siku za mipaka: majirani watembee, wakate, wazibe mapengo pamoja. La pili, kila chama kiwe na kitalu kidogo cha masale kivulini, na mwanachama asiye na mbegu apewe bila malipo. La tatu, katika siku hizo kazi ianzie kwa wajane, yatima, wazee na wagonjwa, ndipo ifike kwa wenye nguvu. Wenye nguvu waweza kungoja wiki moja. Shamba la mjane limekwisha kungoja mno.

Wako watakaosema kwamba hayo si kazi ya ushirika. Nasi twawakumbusha historia. Wakulima wa mlima huu walianzisha chama chao cha kwanza cha kahawa mwaka 1925, nacho kilifuatwa na Chama Kikuu cha ushirika mwaka 1933. Mwaka 1976 vyama vikuu vya Tanzania vilivunjwa, na sheria ya mwaka 1982 ikavirudisha. Vilikatwa vikachipua, kwa kuwa mizizi ilikuwa imebaki katika watu waliozoea kuaminiana. Chama chetu cha leo kina miaka kumi tu, nacho kimeota katika udongo huo huo. Uaminifu kati ya wanachama elfu huanza na uaminifu kati ya wawili walio pande mbili za ua mmoja.

Kwa hiyo, mtakaporudi nyumbani jioni hii, kila mtu na atembee mpaka wake wote, shina kwa shina, ahesabu mapengo. Kisha aende akabishe hodi kwa jirani. Kama kuna neno lililowatenga, jani la kuombea radhi linaota hapo hapo katikati yao.

 Chama chetu na kidumu.